Nani Kasema Kufuta Si Kutunga?

Haya washikaji, nimerudi. Najua nimepotea karibu wiki tatu. Lawama zipelekeni kwa semina, testi na bumu lililochelewa. Leo sina habari za foleni ya kantini wala maji kukatika hosteli. Leo nina ugomvi, na nautaka uwe wa wazi, maana ule wa kunong'onezana kwenye korido nimeuchoka.

Suala lenyewe ni hili. Kwenye semina yetu ya mbinu za kufundishia Kiswahili kila mmoja alitakiwa aeleze zoezi la ushairi linalowezekana kwenye shule isiyo na vitabu vya kutosha. Nikaeleza nilichofanya likizo iliyopita nyumbani, Ihembe, wilaya ya Karagwe, na vijana 14 wa sekondari waliokuwa likizo kama mimi. Tulikusanya karatasi zilizochapwa ambazo zimemaliza kazi yake. Kila kijana anausoma ukurasa wake mpaka mwisho, anazungushia maneno machache anayotaka yabaki, halafu mengine yote anayapaka weusi. Yaliyonusurika, ukiyasoma kutoka juu kwenda chini, ndiyo shairi.

Jamani, nilishambuliwa kama mwizi wa ndizi! Eti si ushairi. Eti ni kuiba maneno ya watu. Eti ni kuiga Wazungu. Eti tunaharibu karatasi wakati watoto hawana vitabu. Jamaa mmoja akadakia, "Nshomile huyo, mwacheni!" (Nimeshasema mara mia kwamba sisi wa Karagwe ni Wanyambo, si Wahaya, lakini basi.) Na mwingine akamalizia na lile swali letu sisi walimu watarajiwa: "Kwani itakuja kwenye mtihani?"

Nitajibu yote. Ila kwanza mjue kilichofanyika, maana waliosema sana ndio hao hao ambao hawakuuliza hata swali moja.

Ihembe karatasi zipo. Vitabu ndivyo adimu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, karatasi imezidi kuwa mali dukani: inafungia chumvi, dagaa, karanga, maandazi. Ukizikunjua unakuta mitihani ya majaribio iliyokwisha kusahihishwa, kalenda za miaka ya nyuma, vipeperushi vya kilimo, karatasi za kampeni, matangazo ya vikao, na kopi zilizoharibika kutoka steshenari za Omurushaka. Kijana wa kijijini anasoma kila siku, ila anasoma vipande vipande, nusu ya swali la Jiografia ikiwa na mafuta ya andazi.

Kalamu nene za wino mweusi hatukuwa nazo, na hata zingekuwepo nisingewatoza watoto wa watu hela. Tulikwangua masizi ya masufuria, tukachanganya na uji mwepesi wa muhogo, brashi ikawa kijiti kilichopondwa ncha. Ndiyo maana wenyewe waliyaita mashairi ya masizi, na mimi nitayaita hivyo hivyo.

Sasa angalieni jambo moja kuhusu karatasi hizo. Karibu zote zinaamrisha. Jibu maswali yote. Lipa kabla ya tarehe fulani. Mchague fulani. Ng'oa, kata, fukia. Hairuhusiwi. Kijana wa miaka 15 amezungukwa na kurasa zinazomwambia la kufanya, na hajawahi kuona ukurasa unaomsubiri yeye aseme kitu. Hapo ndipo hoja yangu ilipo, mengine yote ni matawi.

Binti mmoja wa kidato cha tatu aliangukiwa na tangazo la shule. Shule gani hatukujua wala hatukutaka kujua, maana kichwa cha barua kilikuwa kimechanika. Ndani kulikuwa na sentensi hii: "Mwanafunzi asiyeleta mchango wa chakula hataruhusiwa kuingia darasani." Binti akaikodolea macho muda mrefu. Halafu akapaka masizi juu ya maneno manne, "asiyeleta mchango wa chakula", na mwisho, kwa ncha ya kijiti, akafuta herufi moja tu: ile H. Soma kilichobaki:

Mwanafunzi
ataruhusiwa kuingia darasani.

Waitu! Herufi moja! Kibaraza kizima kilinyamaza, kisha kikacheka, kisha kikanyamaza tena, maana kila mmoja pale alikuwa na siku yake ya kurudishwa nyumbani. Nimesoma nadharia za fasihi mihula kadhaa hapa chuoni na sijawahi kuona ukanushi ukifundishwa vizuri namna ile. Kijana mdogo amegundua kwamba katika lugha yetu katazo zima linaweza kuning'inia kwenye herufi moja mwanzoni mwa neno, na kwamba mkono wake unaifikia.

Mwingine, mvulana anayerudia kidato cha pili, alipata kipeperushi cha mnyauko wa migomba. Tangu ugonjwa ule ulipoingia Kagera mwaka 2006, karatasi za namna hiyo zimegawiwa sana vijijini. Kipeperushi kilisema kwamba ukiona mgomba umenyauka, ung'oe, ukatekate, ufukie, kisha baada ya miezi kadhaa panda tena. Yeye aliufuta mgomba, akafuta kung'oa na kufukia, akaacha hivi:

Ukiona
umenyauka
panda tena.

Mnaona kilichotokea? "Umenyauka" ilikuwa ya mgomba. Mgomba ulipofutwa, ile U haikwenda mahali, ikageuka ikawa yako wewe. Kwa Kiswahili kiambishi cha mti na kiambishi cha mtu unayesema naye ni U hiyo hiyo. Na "panda" nayo ina maana mbili: kuotesha, na kukwea. Mtoto aliyefeli anajiambia asijing'oe, apande tena. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa anatafuta tu maneno yatakayokubali kukaa pamoja.

Wa tatu alikuwa na karatasi ya kikao, kichwa chake "Vijana na Maendeleo". Alikaa nayo dakika mbili hivi, akafuta "vi", akafuta "maende". Ikabaki "jana na leo". Akasema amemaliza. Nikamwambia ndiyo, umemaliza.

Haya, tuje kwenye makombora.

Kwanza, kwamba si ushairi kwa kuwa halina vina wala mizani. Wanaosema hivi wanadhani wanaulinda ushairi wa Kiswahili, ila hawaijui hata historia ya nyumba wanayoilinda. Sheikh Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na ni kitabu cha heshima, mimi sikidharau. Lakini mwaka 1973 Mulokozi, mwana wa Kagera, na mwenzake Kahigi walitoa Mashairi ya Kisasa, mwaka 1974 Kezilahabi wa Ukerewe akatoa Kichomi, na wanajadi wakaja juu wakisema hayo si mashairi. Maneno yale yale niliyoambiwa mimi semina! Na leo? Mashairi huru yanafundishwa sekondari, na nyinyi mnaonipigia kelele mmeshajibu maswali yake kwenye mitihani yenu. Tena wazee wetu kule Karagwe na Buhaya wana ebyebugo, yale majigambo ya mashujaa, na hayajengwi kwa vina vya kati na vya mwisho. Nani atakwenda kumwambia mzee aliyeshika mkuki anajigamba mbele ya watu kwamba hicho si kitu?

Na kuna jambo ambalo wapinzani hawakuliona. Mshairi wa jadi kazi yake kubwa ni kwenye silabi. Anazihesabu, anazipima, anakata neno ili litoshe. Shairi la masizi nalo linafanyika kwenye silabi hizo hizo. Kwenye Kiingereza, ambako mchezo huu ulianzia kwa magazeti na riwaya, mara nyingi unafuta neno zima, maana neno lenyewe limesimama peke yake. Neno letu limebeba mzigo: nani, lini, nini, ndiyo au hapana, yote ndani ya neno moja. Chukua "wanapotea", futa "wa", unabaki na "napotea". Chukua "serikali", futa nusu, inabaki "kali". Kwenye "Tanzania" kuna "nia". Kwenye "mbolea" kuna "lea". Kwenye "mtihani" kuna "hani", yaani nenda kawape pole wafiwa (hilo waliligundua wenyewe, sikutia mkono).

Na usidhani ni rahisi. Ukishaacha neno "maji" yabaki, huwezi kuliunga na "inapita" lililo mstari wa pili. Lazima uteremke ukurasa mzima kutafuta kitu kinachoanza na "ya". Ngeli zinakukaba koo. Vijana wale walibishana kuhusu upatanisho wa kisarufi kwa saa nzima bila mimi kulitaja hilo neno, na mnajua jinsi mada hiyo inavyolaza watu usingizi darasani.

Pili, kwamba ni kuiba maneno ya watu. Hapa niliumia, halafu nikacheka. Wanachuo! Sisi! Sisi ambao tumevuka mwaka wa kwanza na wa pili kwa kudesa, ambao madesa yetu ni kopi ya kopi ya kopi mpaka jina la mwandishi limefifia, leo tumekuwa walinzi wa hakimiliki dhidi ya mtoto aliyechukua maneno manne kwenye kipeperushi cha migomba! Anayedesa anachukua maneno ya mtu na maana yake yote, anaweka jina lake juu. Wa Ihembe amechukua maneno akaacha maana, akaweka maana yake, na ukurasa wa asili uko pale pale chini ya masizi, ushahidi kamili. Niambieni nani mwizi.

Tatu, Wazungu. Ni kweli kuna waliotutangulia. Tom Phillips, msanii wa Uingereza, alinunua riwaya kuukuu mwaka 1966 kwa peni tatu, akaanza kuifuta na kuichora kurasa zake, na kazi hiyo akaiendeleza kwa takriban miaka 50. Mmarekani Austin Kleon alitoa kitabu chake cha mashairi ya kufuta magazeti mwaka 2010. Sawa. Na ubao, chaki, mtihani wa maswali ya kuchagua, sare na kengele vilitoka Ihembe? Mbona hivyo hamvikatai? Kuokota kilichochakaa na kukipa kazi mpya hatukuhitaji kufundishwa na mtu. Tumevaa katambuga za matairi, tumesomea koroboi za makopo, tumecheza mpira wa majani makavu ya migomba. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam miaka ya 1960 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli. Leo picha za mtindo wake zinauzwa dunia nzima, na hakuna anayesema alikuwa anaharibu rangi za baiskeli.

Nne, kuharibu karatasi. Hapa nitakuwa mkali kwa pande zote mbili. Kitabu kinachosomeka hakifutwi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na najua kuna watakaotazama vitabu vya mtaala wa zamani kama takataka. Mtaala ukibadilika kitabu hakifi. Kwa vijana wangu ilikuwa sheria ya kwanza: karatasi iliyokufa tu, iliyokwisha kufunga kitu au iliyokuwa njiani kwenda jikoni kuwasha moto. Na upande wa pili, nimeshasikia mipango ya kufanya zoezi hili kwa kutoa kopi mpya za kurasa za riwaya ya Kiingereza, rimu nzima, na kalamu nene za kununua, halafu picha za watoto wakitabasamu. Hiyo nami naipinga! Unaharibu karatasi nzima ili ionekane umeokoa karatasi, na mtoto anafuta ukurasa usiomhusu. Nguvu ya tangazo lile ilikuwa kwamba liliwahi kumfukuza mtu darasani.

Kulikuwa na hoja moja ya maana, na aliyeitoa namheshimu. Dada mmoja alisema: kupaka weusi juu ya maandishi ndiyo kazi ya wadhibiti, watu wanaotaka wengine wasisome, kwa nini tuwafundishe watoto mkono huo? Nimeifikiria sana. Jibu langu ni kwamba tuangalie brashi imeshikwa na nani. Mwenye mamlaka akifuta, wewe husomi tena. Binti wa kidato cha tatu akifuta, tangazo halijafichwa kwa yeyote, limeshabandikwa, limeshatekelezwa, limeshafungia dagaa. Alichobadilisha ni kile linachomwambia yeye. Mdhibiti anafuta ili tusione, na yule binti alifuta ili tuone.

Sasa mtihani. Hapana, haitakuja. Baraza la Mitihani halitaleta masizi. Lakini kumbukeni matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2011, yaliyotangazwa Februari 2012: Baraza lilieleza kwamba wapo watahiniwa waliofutiwa matokeo kwa kuandika matusi kwenye karatasi za majibu. Watu walicheka, wakalaani, yakaisha. Mimi sitetei matusi. Nauliza tu: kijana amekaa darasani miaka minne, ananakili ubaoni, ananakili, ananakili. Siku anapopewa karatasi yenye nafasi tupu, neno pekee alilo nalo la kwake mwenyewe ni tusi. Tulimfundisha nini miaka yote hiyo? Kama hajawahi kuujibu ukurasa hata mara moja kwa akili na kwa utani, tusitegemee ataanzia chumba cha mtihani.

Na kwa wanaotaka faida ya kuhesabika: ili upate maneno sita yanayopatana, lazima usome maneno yote mia mbili. Nimeona kijana anayekwepa aya moja ya ufahamu akiusoma ukurasa wa mbolea mara tatu, juu mpaka chini, kwa hiari, akitafuta kitenzi. Halafu hatukuishia kwenye masizi. Kila mmoja alichukua mstari wake uliobaki akaufanya mwanzo wa shairi jipya, kwa kalamu, kwenye daftari. Wengine waliandika huru, wengine wakatafuta vina wenyewe bila kulazimishwa. Masizi ni mlango tu. Ila mtoto aliyekaa nje ya nyumba hawezi kusifia sebule.

Nimalizie na neno lenyewe, kufuta, kwa sababu mnalitamka kama tusi. Nchi hii ilijifunza kusoma kwa neno hilo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na babu na bibi zetu wakaingia madarasani jioni kwenda kufuta ujinga, wakisomea vitabu vya mazao. Sekondari nayo ada ilifutwa mwaka 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni. Kila mara mlipofurahia mambo hayo mlikuwa mnafurahia kufuta. Kumbe wakubwa wakifuta ni sera, mtoto wa Ihembe akifuta ni uharibifu?

Wenzangu, muda si mrefu tutasambazwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kila mtu na shule yake. Utakuta darasa la watu 80, vitabu vinane, na ubao uliopauka. Utaambiwa fundisha ushairi, na utashawishika kuandika ubaoni "Sifa za shairi ni: (a) vina, (b) mizani" mpaka kengele igonge. Fanya hivyo ukitaka, hakuna atakayekulaumu, na mkaguzi atakupa alama zako. Ila ukipita gengeni ukapewa karanga, usiitupe ile karatasi. Ikunjue. Tafuta herufi inayowazuia wanafunzi wako kuingia, kisha wape masizi.

Nawakilisha.